Moyo Usiocheka

Asubuhi ile Mzee Vitalisi Kikoti alimtukana maiti, na pale kilimani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba anayetukanwa ni maiti.

"Wewe Mngoni mla panya!" aliiambia bangili yake, mkono ameuinua karibu na mdomo, mguu mmoja uko juu ya jiwe. "Kamlima kama haka kakikushinda, mwambie mkeo Benigna akubebe mgongoni kwa kanga, akuimbie na wimbo!"

Akangoja. Aliibana bangili kwa vidole viwili, akatulia kabisa, anasikiliza kwa ngozi. Moyo uliokuwa ukigonga mle ndani uliendelea kugonga, tu-dum, tu-dum, moyo wa mtu anayepanda mlima taratibu na hana neno na mtu.

"Koo bado linamuuma?" aliniuliza.

"Bado, mzee."

"Mngoni anyamaze muda wote huu!" Alitikisa kichwa. "Huyo haumwi koo. Kamezwa na chatu."

Nilicheka. Ningefanya nini? Naitwa Nakijwa Mbwambo, mwalimu wa mazoezi tiba katika Kituo cha Kilima hapa Iringa, na wagonjwa wananiita Kocha. Kazi yangu ni kuwatembeza watu waliopasuliwa kifua mpaka waache kukiogopa kifua chao wenyewe. Mimi ni Mpare wa Same, mdomo ninao, sikopi kwa jirani. Lakini asubuhi ile mdomo ulikuwa mzito, na kila Mzee Kikoti alipoinua ile bangili nilitamani ardhi inimeze.

"Twende," nikasema. "Ongeza mwendo kidogo."

"Kocha unanionea. Kadi ya njano." Na kweli akaitoa mfukoni. Alichezesha mpira miaka mingi, mwamuzi mkali ambaye mashabiki walimrushia chupa kuanzia Mbeya mpaka Morogoro, na alipostaafu aliondoka na kadi zake. Aliona aibu kutembea polepole. Mtu aliyezoea kukimbizana na vijana uwanjani, leo anapitwa na mama mwenye ndoo kichwani.

Kanuni ya mlima ni rahisi. Mgonjwa aweze kuongea, asiweze kuimba. Akiimba, anazembea. Akishindwa kuongea, anajiumiza. Wengine nawaulizia habari za wajukuu, lakini Mzee Kikoti nilimpima kwa matusi. Akilimaliza tusi zima bila kuvuta pumzi katikati, tunaongeza mwendo. Likikatika, tunakaa kwenye jiwe.

Siku ile hakuna lililokatika. Mgonjwa wangu alikuwa anapona vizuri kabisa, na alikuwa anaponywa na uongo.

*

Siku hizi hawakati tena mshipa wa mguuni kuupeleka moyoni, kama walivyofanyiwa babu zetu. Mishipa inaoteshwa maabara kutokana na chembe za mgonjwa mwenyewe, kama miche kwenye kitalu, halafu daktari anaishona juu ya moyo ili damu izunguke pale palipoziba. Lakini mche ni mche. Usipoumwagilia, unakufa. Maji ya mishipa hii ni mwendo: damu ipite kwa nguvu kila siku, kuta zijifunze kukaza na kulegea, mpaka zikomae. Mtu akilala tu wiki hizo za mwanzo, mishipa inanywea na kuziba, na hakuna daktari atakayemfungua mara ya pili.

Na watu walilala. Aliyepasuliwa kifua anaogopa ngazi, anaogopa kupiga chafya, anaogopa hata kukumbatiwa na mkewe. Tuliwatisha, tukawabembeleza, wapi! Mpaka wakubwa fulani wakagundua jambo ambalo bibi yangu angewaambia bure: mtu hatembei kwa ajili ya moyo wake, anatembea kwa sababu kuna mwenzake anamsubiri. Ndipo ukaja utaratibu wa mapacha. Kila mgonjwa anashonewa kidude kando ya moyo, tunakiita mshenga, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka habari za huyu kwa yule. Saa ya mazoezi ikifika, popote walipo, kila mmoja anausikia moyo wa pacha wake ukigonga kwenye bangili mkononi. Mwenzako akianza kupanda, unajua. Ukibaki kitandani, naye anajua.

Mashine ndiyo inayochagua mapacha. Inaangalia umri, uzito, aina ya mishipa. Kabila haiangalii, haijui ni kitu gani. Ikamchukua Vitalisi Kikoti, Mhehe wa Iringa, ikampa Longinus Tawete, Mngoni wa Songea, fundi baiskeli wa Lizaboni.

Watani! Mababu zao walichinjana mpaka wakachoka, ndipo wakaamua kwamba kuanzia hapo watatukanana tu. Walilazwa vitanda jirani kule walikopasuliwa. Mgonjwa wa kifua anapewa mto aukumbatie akitaka kukohoa au kucheka, kwa sababu mfupa bado haujaunga na kicheko kinauma kuliko kisu. Wale wawili walimaliza mito ya wodi. "Nesi, mwondoe huyu mla mbwa, anataka kuniua!" Longinus analia huku anacheka. Wakatenganishwa vyumba, wakaanza kutumiana matusi kwa bangili.

Nilikuwepo siku Mzee Kikoti alipogundua kwamba kicheko kinapita mkononi. Alikuwa amemwambia mwenzake neno fulani kuhusu suruali, halafu akaruka. "Kocha! Shika hapa, shika!" Nikashika. Moyo wa Longinus, aliyekuwa amesharudi Songea, umbali wa safari nzima ya treni, ulijikwaa, tu-dum-dum, halafu ukakimbia kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Tangu siku hiyo Mzee Kikoti hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa anapanda mlima ili akamchekeshe mtu.

Longinus alikufa moyo wake ukiwa mzima. Alikuwa anajaribu breki za baiskeli ya mteja kwenye mteremko, na breki hazikushika. Asubuhi yake nilipofika kazini nilikuta Mwangwi umeshawashwa. Ndivyo tunavyouita. Mshenga unakuwa umehifadhi mapigo ya marehemu ya wiki zote, namna moyo wake unavyopanda, unavyochoka, unavyopumzika, na mashine inaujenga upya, unagonga kwenye bangili ya aliyebaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Matusi ya sauti haikuweza kuyaiga. Ikamtumia Mzee Kikoti ujumbe kwamba mwenzake ana kidonda cha koo, amekatazwa kuongea.

*

Mama Benigna alinipigia mchana, niko ofisini nakula muhogo.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu, tumeshapoa." Sauti yake haikuwa imepoa hata kidogo. "Nimempigia mtani mpaka nimechoka, simu haifiki. Hebu nieleze wewe. Tumekosa nini kwake?"

Simu haikufika kwa sababu wiki za kukomaza mishipa habari zote za mgonjwa hupitia kwetu kwanza, asije akapata mshtuko. Nilimeza muhogo bila kuutafuna.

"Hamjakosa kitu, mama."

"Basi mbona hakuja? Mume wangu tumemzika kama gogo! Jeneza limetoka ndani, njia nyeupe, hakuna wa kulizuia, hakuna wa kudai faini. Watu wanalia tu, wanalia tu. Nani alikuwa na haja ya kulia vile? Longinus mwenyewe aliniambia, nikifa Mhehe wangu ataruka kaburini, na nyie hamtamtoa mpaka mumpe jogoo. Nikamfunga jogoo mlangoni. Jogoo yupo mpaka leo, amefungwa, ananiangalia."

Niliusukuma muhogo kando.

"Jumapili tunaanua matanga, tunasimamisha na msalaba," akasema. "Mwambie kama anatuona sisi si watu, asije. Nitamfungua jogoo aende zake."

*

Mkurugenzi wetu ni Daktari Aikaruwa Lyimo, Mchaga wa Machame, na mimi Mpare, kwa hiyo ofisini kwake hatukuwahi kuanza maongezi kwa heshima. Siku ile nilianza kwa heshima, naye akajua kuna jambo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unamkumbuka Sikitu?"

Nani asiyemkumbuka. Pacha wake alikufa kwa homa, Mwangwi ulikuwa haujabuniwa, tukamwambia ukweli siku hiyohiyo.

"Alivua bangili akaiweka hapa," Daktari Lyimo akasema, akagusa meza. "Akaniambia asante daktari, nimechoka. Hakutembea tena. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti, Nakijwa, mimi na umri huu. Mishipa ikaziba mmoja baada ya mwingine, nami naangalia kwenye kioo cha mashine. Sitaki kuangalia tena."

"Huyu si Sikitu."

"Kila mtu si Sikitu mpaka awe. Isitoshe, marehemu alikubali. Sikiliza."

Akabonyeza. Sauti ya Longinus ikajaa chumba, ya siku wanapewa bangili: "Nikifa? Nikifa moyo wangu umfukuze huyo mla mbwa mlimani mpaka alie! Nakubali, nakubali, andika! Uwii, kifua changu! Nesi, mto!"

"Daktari, huyu anatania."

"Amekubali."

"Amekubali akitania! Mtani wake yuko kitanda cha pili anamsikia, ulitaka aseme nini? Mngeuliza swali hilo wakiwa mbalimbali."

Hapo akaizima ile sauti. Nadhani hakuna aliyewahi kulifikiria. Waliotengeneza ile fomu ya ridhaa walijua kila kitu kuhusu moyo, ila hawakujua kwamba kuna watu ambao huwezi kuwauliza jambo la maana wakiwa pamoja.

"Akimaliza wiki zake tutamwambia," akasema. "Hazijabaki nyingi."

"Matanga yatakuwa yameshaanuliwa."

"Mila haizibui mshipa."

"Mimi na wewe ni watani," nikamwambia. "Nikifa leo, utaacha nizikwe na watu wanaolia tu?"

"Ukifa leo nitakuja kwanza kuhakikisha umekufa kweli. Mpare akidaiwa hujifanya maiti." Tukacheka wote wawili, tulishindwa kujizuia. Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini nikifa mimi, wewe ukabaki, nitataka uishi. Hata kwa uongo. Hata usije kunizika. Ndivyo ninavyomtakia mzee wako, na sioni kama ni dhambi."

Nami sikuona kama ni dhambi, hapo ndipo penye taabu. Nilitoka mle ndani sijui nani kati yetu anampenda Mzee Kikoti zaidi.

*

Kesho yake hakupanda. Alikaa kwenye jiwe la kwanza, akanipigapigia nafasi kando yake.

"Kaa, Kocha. Nina swali la uwanjani."

Nikakaa.

"Kuna tusi nimelihifadhi tangu wodini," akasema. "La mama mkwe wake. Nililiweka akiba kwa siku mlima utakapomshinda. Jana nikalitoa. Tusi kubwa, Kocha, siwezi kulisema mbele yako. Moyo wake haukutikisika." Alinyoosha mkono wenye bangili, akautazama. "Unapanda huu. Unashuka. Unajua kuchoka. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaujaribu, kila siku namtukana zaidi, na kila siku ni vilevile. Moyo gani huu usiocheka? Mtu akiumwa koo, na moyo unaumwa koo?"

Nikatazama miguu yangu.

"Nimechezesha mpira maisha yangu yote," akasema. "Mchezaji akianguka najua ameumia au anaigiza. Sasa nijibu, ndiyo au hapana. Longinus yupo?"

Ningeweza kusema yupo. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaiona mishipa yake mibichi, nikamwona Sikitu akiweka bangili mezani. Nikamwona na yule jogoo. Mtu ana haki ya kuishi, sawa, lakini huyu alikuwa ananiuliza macho kwa macho, na nikimdanganya hapo haitakuwa mashine tena, nitakuwa mimi.

"Hayupo, mzee. Alianguka na baiskeli."

Aliibana bangili tena kwa vidole viwili. Kisha: "Kazikwa?"

"Kazikwa."

"Nani alizuia jeneza?"

"Hakuna."

Hilo ndilo lililompiga. Nilimwona akikunja mgongo, mkono kifuani, na mimi nikaruka kumshika. Akanisukuma. Akatia mkono mfukoni akatoa kadi, safari hii nyekundu, akaninyooshea.

"Mmenifanya mtu asiyemzika mtani wake," alisema. "Mmenifanya mimi nimtukane yuko kaburini, na mnanihesabia mapigo!" Alivua bangili, akaiweka juu ya jiwe, akateremka bila kugeuka. Nililia pale jiweni, na sikujali nani ananiona.

*

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa, wala siku zilizofuata. Mshenga hauvuliki, umeshonwa ndani, ukaendelea kutuletea habari. Daktari Lyimo aliniita akanionyesha kioo. Mshipa wa kushoto ulikuwa umeanza kunywea. Hakunifokea. Alisema tu, "Ndio huo ukweli wako," na ingekuwa afadhali angenipiga kofi.

Nikaenda nyumbani kwa Mzee Kikoti, Kihesa. Alinifungulia mwenyewe, amevaa kandambili, ndevu hajanyoa.

"Kamwene," nikamwambia, kwa Kihehe changu cha kubabaisha.

"Kamwene. Kama umekuja kunibembeleza nitembee, rudi. Sitembei. Nitembee niende wapi? Mlima ule nilikuwa namfuata yeye."

"Sikuja kukubembeleza. Nimeleta salamu za Mama Benigna. Anasema jogoo wako amechoka kamba."

"Jogoo gani?"

Nikamweleza yote: kwamba Longinus aliahidi kuwa Mhehe wake ataruka kaburini, kwamba Benigna alimfunga jogoo wa kumtolea, kwamba yupo mlangoni mpaka leo, na Jumapili wakianua matanga atafunguliwa.

Mzee Kikoti alikaa kwenye kiti. Alisugua kovu la kifua juu ya shati.

"Mngoni alinifungia jogoo," akasema mwishowe, na machozi yakamshuka. Kisha akanigeukia kwa ukali wa uwanjani. "Sasa umekaa nini? Jumapili si keshokutwa? Tafuta tiketi!"

Nilimpigia Daktari Lyimo nikiwa bado mlangoni, kwa sababu sikutaka kuiba mgonjwa.

"Mshipa umenywea," aliniambia. "Akipanda kwa uchungu, unaweza kuziba hukohuko."

"Akikaa je?"

Alivuta pumzi. "Akikaa utaziba hapahapa."

"Basi."

"Mvalishe bangili," akasema. "Na wewe vaa ya pili. Nitakuwa kwenye kioo."

*

Makaburi yapo kwenye kilima upande wa Matogoro, nje ya Songea. Gari ya stesheni haina dereva wala haina aibu. Ilifika kwenye njia ya mawe, ikatangaza kwa sauti tamu kwamba imefika mwisho, ikatushusha. Juu tuliwaona watu na msalaba mpya wa mbao, nyimbo zinashuka kwetu vipandevipande.

Tukaanza. Bangili niliyovaa ilikuwa inapokea moyo wake yeye, na kwa mara ya kwanza nilielewa ni kitu gani tunawavisha watu. Ulikuwa moyo wa mtu mwenye hofu, unagonga haraka hata kabla ya mlima.

"Tukana," nikamwambia.

"Longinus, wewe mla..." Likakatika. Tukakaa kwenye jiwe. Akajaribu tena, likakatika tena. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na midomo imepauka.

"Naogopa, Kocha," akasema. "Tangu nipasuliwe sijapanda bila yeye. Bangili hii haina mtu. Sijui kama kilichomo kifuani ni changu."

"Nipo mimi."

"Wewe ni Mpare. Hunitukani."

Mungu anisamehe. Nikamtazama mzee wa watu, umri wa baba yangu, nikasema: "Basi inuka, refa wa mchongo! Ndiyo maana walikurushia chupa. Hata enzi zako ulikuwa unasimama katikati ya uwanja kama nguzo ya umeme, unapuliza filimbi kwa kubahatisha!"

Alinitumbulia macho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na mkononi mwangu, tu-dum-dum, moyo ukajikwaa. Kidogo tu. "Kadi ya njano," akasema, akainuka.

Tukapanda. Nyimbo ziliponyamaza tulikuwa tumefika, na watu wote wanamtazama mzee mgeni anayehema, kofia mkononi. Mama Benigna alikuwa mbele, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Alimtambua nadhani kabla hajasema neno, maana aliziba mdomo kwa kiganja.

Mzee Kikoti hakumsalimia mtu. Alimpita mjane, akampita katekista, akaenda kukaa kitako juu ya udongo pale pale ulipotakiwa kusimama msalaba.

"Msalaba hausimami hapa!" akanguruma. "Mmemzika kwa ruhusa ya nani? Longinus Tawete, fundi baiskeli mzima, unauawa na breki! Basi wateja wako wote waliokuwa wanalalamika walikuwa na haki, na umekufa makusudi ili ukwepe mlima, mvivu mkubwa wewe, ukaniachia moyo wa mashine nikakaa kuutukana wiki nzima kama mwehu!"

Lote. Moja kwa moja. Halikukatika.

Halafu Benigna akacheka. Alicheka kwa sauti ya juu, amejishika tumbo, machozi yanamwagika, na kicheko kikawarukia wengine, wazee, wakwe, mpaka katekista akageuka pembeni mabega yanamcheza. "Mwondoeni Mhehe!" mtu akapiga kelele. "Mbwa wetu wako salama?" mwingine akadakia. "Faini!" wakaitikia. "Amechelewa huyu, alipe yeye!"

"Silipi! Leteni jogoo, au nalala humu humu!"

Na jogoo akaletwa, mwekundu, kamba bado mguuni. Mzee Kikoti alimkumbatia kifuani kama ule mto wa wodini, anacheka na kulia kwa pamoja. Mkononi mwangu moyo wake ulijikwaa, ukakimbia, ukajikwaa tena. Nilijikuta naushika kwa vidole viwili, na mimi nalia.

Simu ikaita. Daktari Lyimo.

"Kuna nini huko?" Sauti ilikuwa imepanda. "Moyo wake unajikwaa halafu unakimbia! Mashine inaniandikia hitilafu isiyojulikana. Ameanguka? Anaumia wapi?"

Nikamtazama mgonjwa wangu. Alikuwa bado amekaa kaburini, anabishana na Mama Benigna kwamba jogoo mmoja ni dharau kwa mtu aliyetoka Iringa.

"Haumii, daktari," nikasema. "Anacheka."

Nikasikia kiti chake kikisogea karibu na kioo.

"Damu inapita," akasema mwishowe, polepole. "Hata ule wa kushoto. Inapita." Nilimsikia akipenga kamasi. "Wapo wengine wanne wenye Mwangwi, Nakijwa. Nimekaa hapa nawatazama. Ukirudi tuzungumze namna ya kuwaambia."

"Nitarudi kesho."

"Na yeye mwambie ashuke taratibu. Kushuka kunawadanganya."

Nikainama kwa Mzee Kikoti, nikamwambia daktari anasema ushuke taratibu. Akanijibu kwa tusi refu la kumhusu daktari, Wachaga wote na kituo chetu kizima, na halikukatika popote.